Hesabu ya Mikoko Huanzia Majini



Mada niliyopewa ni namna watu wa visiwani na wa fuoni wanavyoweza kujikinga na mabadiliko ya tabianchi kwa kutumia miti, matope na viumbe walivyonavyo. Wengi wakiisikia mada hii hufikiria mbali. Hufikiria Pemba, ambako maji ya chumvi yameingia kwenye mashamba ya mpunga, au Lamu, yenye mikoko mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya. Mimi nimeazimia kuizungumzia hapa hapa tulipo: Likoni, Changamwe, Jomvu na Kisauni. Tumezoea kuitwa watu wa bara, na ni kweli hatukai kisiwani. Lakini itazameni ramani. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Hori la Tudor linaingia kwa upande wa kaskazini, linapita kati ya kisiwa na Kisauni, kisha linapanuka hadi Mikindani na Jomvu, ambako linapokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Upande wa kusini bahari inaingia Kilindini, ikiiacha Likoni na Mtongwe mkono wa kushoto na Changamwe mkono wa kulia, inakuwa hori la Port Reitz, na mwisho wake inakutana na mto Mwache. Ufuo wa mahori hayo, kwa sehemu yake kubwa, ni ufuo wetu sisi. Kisiwa kina mawe, bandari na kuta. Matope na mikoko viko kwetu.

Mpango wa kitaifa wa kusimamia mikoko, ulioandikwa kwa ajili ya miaka ya 2017 hadi 2027, unaipa Kenya hekta 61,271 za mikoko. Zaidi ya nusu ziko Lamu. Kaunti ya Mombasa ina hekta 3,771, na karibu zote ziko upande huu wa maji. Kwa hivyo jiji hili likiuliza ngome yake dhidi ya bahari inayopanda iko wapi, jibu ni kwamba iko nyuma ya nyumba za Mikindani, chini ya Jomvu Kuu, Junda, Mtongwe, Mwangala na Miritini. Iko pahali ambapo jiji hilo hilo limekuwa likimwaga uchafu wake kwa miaka.

Nina neno moja la kuwaambia leo, na mengine yote ni ya kulithibitisha. Kilichoua mikoko yetu hakikuwa upungufu wa miche. Ilikufa kwa sababu ya maji: maji yaliyozibwa, maji yaliyochafuliwa, maji yaliyobeba tope jingi mno, na watu waliokata kwa kuwa hawakuwa na kuni nyingine wala sauti katika msitu ule. Anayetaka kuirudisha na aanze hapo. Akianza na miche atapanda, atapigwa picha, na mwaka ukipita atapata vijiti vikavu.

Kwanza tuelewane juu ya hatari yenyewe. Wanasayansi wa Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi walieleza mwaka 2021 kwamba usawa wa bahari duniani umepanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kwamba kasi imeongezeka hata ikafika karibu milimita 4 kwa mwaka. Milimita 4 ni kitu kidogo machoni. Lakini hapa Mombasa, katika bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4, na nyumba nyingi za fuoni zimejengwa juu kidogo tu ya alama ya bamvua. Pale kila sentimita inahesabika. Makadirio ambayo serikali ya Kenya yenyewe imeyatumia tangu mwanzo wa karne hii yanasema bahari ikipanda kwa sentimita 30, kiasi cha asilimia 17 ya eneo la Mombasa, yaani karibu hekta 4,600, itakuwa hatarini kufunikwa.

Na bahari haiji peke yake. Mvua za Novemba 2023, zile za El Niño, mnazikumbuka: mitaa ilijaa maji, watu wakabeba watoto mabegani. Mafuriko ya Oktoba 2006 nayo hayajasahaulika. Mvua kubwa ikinyesha saa maji yanapwa, mitaro inatoa. Mvua ile ile ikikutana na bamvua linalojaa, mtaro unakuta bahari imeshasimama mdomoni mwake, na maji ya juu hayana pa kwenda ila majumbani. Kadiri bahari inavyopanda, saa ambazo mitaro imefungwa zinazidi kuwa nyingi. Ndiyo maana nasema mafuriko ya Chaani au Junda hayawezi kuelezwa kwa mvua pekee.

Mkoko hufanya nini katika haya? Unavunja nguvu ya mawimbi, na jambo hilo limepimwa. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2012 unaonyesha kwamba mita 100 za mikoko zinaweza kupunguza kimo cha mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea wingi wa mizizi na kina cha maji. Unazuia tope. Maji yaliyobeba udongo yakiingia kati ya mizizi yanapoteza mwendo, udongo unatua, na ardhi ya msitu inainuka taratibu. Hili la pili ndilo linalonivutia kuliko yote. Ukuta wa saruji ukishajengwa, kimo chake ndicho hicho. Bahari ikipanda, ukuta unabaki pale pale na nyufa zake zinaongezeka. Msitu wa mikoko wenye afya, unaopata tope la kiasi, unaweza kupanda pamoja na bahari. Na humo humo mna kamba, mkizi, kaa na chaza, chakula cha nyumba nyingi za Jomvu na Mtongwe.

Sasa tuiangalie miti yenyewe, kwa maana tukisema "mikoko" tunataja jamaa nzima. Kenya ina aina 9. Mlilana unasimama mbele kabisa, unapigwa na bahari wazi. Nyuma yake kuna mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya matao, na katikati yake hutokea muia. Kisha mkandaa, mnene na mfupi, ambao magome yake yalitumika kutia rangi na kutengeneza ngozi. Mchu uko nyuma karibu na nchi kavu, kwenye chumvi kali, ingawa pengine huonekana mbele pia. Mkomafi, kikandaa na msikundazi ni michache zaidi na kila mmoja una pahali pake. Mpangilio huu haukuja kwa bahati. Kila mti umechagua kiasi cha maji unachokistahimili: mara ngapi kwa mwezi bahari inafunika shina lake, kwa saa ngapi, na kwa chumvi ya kiasi gani. Wavuvi wa zamani waliyajua haya bila kipimo, kwa kuwa walitaka fito, mapau, boriti na nguzo, na kila kimoja walijua kinakatwa wapi. Mapana ya vyumba vya nyumba za mawe za miji yetu yalifuata urefu wa boriti. Majahazi yaliondoka na kusi kwenda Arabuni na Ghuba yakiwa na shehena ya miti hii, hadi serikali ilipopiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982.

Mnielewe vizuri: ukataji wa namna ile ulikuwa na mpaka. Kilichotokea hapa katika miaka 30 na zaidi iliyopita ni kitu kingine. Watafiti walilinganisha picha za angani na za setilaiti za mahori yetu mawili, kutoka 1992 hadi 2009, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Sehemu za hori la Tudor walizozichunguza zilikuwa zimepoteza asilimia 86.9 ya mikoko. Upande wa Mwache hasara ilikuwa asilimia 45.4. Rudieni nambari hiyo ya kwanza. Ndani ya miaka 17, karibu miti 9 katika kila 10 iliondoka, ndani ya jiji lenye makao makuu ya taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari, KMFRI, pale Mkomani.

Nani alifanya hivyo? Jibu jepesi ni kumwonyesha kidole mkata kuni, na ni kweli miti mingi iliangushwa kwa shoka. Mama karanga anayekaanga samaki kando ya barabara anahitaji moto kutwa nzima, na kuni za mikoko huwaka kwa joto kali na kudumu. Wapika chang'aa wamejificha katika misitu hii kwa sababu ina kuni, maji na maficho kwa pamoja. Nyumba za udongo za mitaa yetu zimesimama juu ya fito. Haya yote yapo. Lakini msitu uliokatwa kwa shoka, ukiachiwa maji safi na udongo mzuri, huchipua. Wa hori la Tudor kwa sehemu nyingi haukuchipua, na sababu yake lazima itafutwe zaidi ya shoka.

Tazameni tope. Likoni na pwani ya Bamburi zimekaa juu ya jabali la matumbawe ya kale, jiwe gumu. Kisauni kwa ndani ni mchanga. Lakini Changamwe, Miritini na vilima vinavyoelekea Mazeras ni miamba laini ya udongo ulioganda kwa tabaka, inayomeguka na kuwa tope mara tu inapofunuliwa. Ukikata vichaka juu ya vilima vile, ukachimba mawe, ukafungua barabara, mvua ya kwanza inateremsha kilima. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha kupitia mto Mwache udongo mwingi ambao mikoko ya bonde lile haikuuweza. Mizizi ya mikoko hupumua kwa juu, kwa vitundu vidogo vya kuvutia hewa. Tope likiifunika kwa ghafla mti unakosa pumzi, unapukutika majani na kufa ukiwa umesimama. Na baada ya mti kufa, ardhi iliyoinuka haifikiwi tena na maji ya kila siku. Jua linaikausha, chumvi inapanda juu, na hakuna mbegu inayoshika. Mtu akipita pale baada ya miaka 10 huona uwanja mweupe akadhani watu wamekata. Nimesema awali kwamba tope la kiasi linainua msitu. Lile la Mwache lilikuja la miaka mingi kwa mvua moja.

Kuna mafuta. Mwaka 1988 tangi moja lililotoboka lilimwaga mafuta ghafi kwenye hori la Makupa, na hekta 10 hivi za mikoko zikafa. Mwaka 2005 mafuta ya meli yakamwagika Port Reitz. Mafuta yakiingia kwenye tope la mikoko hukaa humo kwa miaka mingi, maana hakuna mawimbi ya kuyasafisha. Ule utulivu unaowafaa kamba ndio unaoyahifadhi mafuta.

Na kuna maji taka. Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo gumu. Mtambo wa kusafisha maji taka wa Kipevu unahudumia sehemu ndogo tu ya jiji. Yanayobaki huingia mashimoni, na kutoka mashimoni huingia chini ya ardhi, mitaroni, na mwisho horini. Mikindani kwa miaka mingi imemwaga maji taka moja kwa moja ndani ya mikoko ya hori la Tudor. Watafiti walikuja wakauliza swali la kweli: je, mikoko inaweza kuyasafisha? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Matope yake huchukua sehemu ya virutubisho, na miti iliyo karibu na mfereji hata hunenepa. Kuna waliosikia hivyo wakafurahi, wakaona tumepata mtambo wa bure. Mimi napinga kwa nguvu zangu zote. Msitu ule wanaingia watoto kutafuta kaa. Wanaingia wanawake kuokota kome na chaza. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara havipungui kwa sababu mti umenenepa. Tukiruhusu msitu wa watu wa Mikindani ugeuzwe kuwa mtambo wa maji taka wa watu wengine, basi tumewatwika maskini gharama ya choo cha jiji, na juu yake tunawaambia ni hifadhi ya mazingira. Kazi ya kwanza ya kuhifadhi mikoko ya Tudor ni mabomba ya maji taka. Si kazi ya kupendeza machoni, wala hakuna mfadhili anayependa kupiga picha mbele ya bomba. Bado ndiyo ya kwanza.

Nije kwenye upandaji, ambao umekuwa ibada ya kila siku ya mazingira. Watu wanafika kwa mabasi, wamevaa fulana za rangi moja, wanapewa miche, wanapanda elfu mbili au elfu tatu kabla ya chakula cha mchana. Sidharau mikono yao. Wengi wana nia njema na wamepigwa jua. Ila tuulize wamepanda nini, na wapi. Karibu kila mara wamepanda mkoko, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, inaokotwa kwa urahisi, na inachomekwa kwenye tope kwa mkono bila kitalu. Na wameipanda pahali palipo wazi, kwa kuwa pahali palipo wazi hapana mgogoro na mtu. Mara nyingi pahali hapo ni mbele kabisa, kwenye mchanga unaopigwa na mawimbi, ambapo panastahili mlilana au hapastahili mti wowote: ni uwanja wa maji kupwa ambao ndege na kaa wanautegemea. Mkoko haukai pale. Ufilipino imepitia njia hii kwa miongo miwili na fedha nyingi. Walioufanyia hesabu upandaji ule waliandika mwaka 2008 kwamba sehemu kubwa ya miche haikuishi, kwani iliyobaki ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu, na sababu kuu ilikuwa hiyo hiyo: aina isiyofaa, katika pahali pasipofaa.

Wapo waliochukua njia nyingine, nayo ni ya kuusikiliza mti. Unakwenda kwenye eneo lililokufa, unauliza kwa nini mikoko haijirudishi yenyewe. Mbegu hazifiki? Maji hayafiki? Kuna tuta, barabara, takataka, tope lililoinuka? Ukishapata kizuizi unakiondoa: unachimba mifereji midogo, unafungua njia ya maji, unasawazisha kimo. Kisha unangoja. Mara nyingi bahari inaleta mbegu bila kulipwa, na kila aina inashika pahali pake. Unapanda tu kule ambako mbegu hazifiki, na unapanda aina ya pale pale. Njia hii inachukua miezi ya kutazama maji kabla ya kushika jembe. Ndiyo maana wavuvi na wachota tope wa kwetu ni wataalamu wa kwanza wanaopaswa kuulizwa, na walipwe kwa maarifa hayo kama anavyolipwa mshauri anayetoka mbali.

Kusema ule ukweli, jiji hili lina ushahidi mkubwa wa njia hii, ingawa haukufanywa kwa jina la mikoko. Kwa karibu karne moja kisiwa na Changamwe viliunganishwa na tuta la Makupa, lililojazwa mawe na udongo na kuziba maji kati ya hori la Tudor na Port Reitz. Upande mmoja wake likawepo jaa la Kibarani. Maji yaliyokuwa yakipita yalisimama, yakaoza. Mwaka 2022 daraja la Makupa lilifunguliwa, tuta likaondolewa, na bahari ikapita tena. Wenye kuongoza jiji wanapenda kulisifu daraja kwa magari yake. Mimi nalisifu kwa kilicho chini yake. Naomba wanafunzi wa vyuo vyetu waende pale kila mwaka wapime: chumvi, tope, mbegu zinazotua, samaki wanaopita. Hatuna nafasi nyingine kama hii ya kujua mahori yetu hufanya nini yanapoachiwa maji.

Na ushahidi mwingine uko Bamburi. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa la jabali jeupe, mpaka mtu mmoja, René Haller, alipoanza kupanda mwaka 1971. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizosalia mwanzoni zilikuwa 3, na mmoja wao mvinje. Majani ya mvinje yakaanguka yakalundikana bila kuoza, kwa kuwa hapakuwa na kiumbe wa kuyala. Akaleta majongoo. Majongoo wakayatafuna, udongo ukaanza, na baada ya miaka ukawa msitu tunaopeleka watoto wetu kuutembea. Watu hukumbuka kiboko na kobe wa pale. Mimi huwakumbusha jongoo. Haller hakuhesabu miche aliyoichomeka. Alitafuta kilichokuwa kinakosekana.

Mtaniuliza: na watu wataishi vipi msitu ukifungwa? Kwa majibu ya swali hili tuangalie kusini kidogo, Gazi, kaunti ya Kwale. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, uliosaidiwa na KMFRI na wasomi kama Dkt. James Kairo, aliyeifanya mikoko ya Gazi kazi ya maisha yake. Ulikuwa mradi wa kwanza wa aina yake duniani kuendeshwa na wanakijiji. Mapato yake ya miaka ya mwanzo yalikuwa kiasi cha dola 12,000 kwa mwaka, si utajiri, lakini vijiji vilikaa vikaamua: maji ya bomba, vitabu vya shule. Walipanda mvinje ili pawepo miti mingine ya kujengea na kuni nyingine. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata kwa eneo kubwa zaidi.

Je, Mikindani au Mtongwe inaweza kuiga? Sehemu, ndiyo. Gazi ni vijiji vinavyojuana. Ukikata mti saa nane usiku, kufikia alfajiri nyumba ya shangazi yako imeshapata habari. Mitaa yetu ina wapangaji wanaohama kila mwaka, na msitu ni mdogo mbele ya watu wengi. Fedha ya hewa ya ukaa ikigawanywa hapa itakuwa shilingi chache kwa kila mtu, na ikiahidiwa kwa kelele italeta ugomvi. Kwa maoni yangu tuichukue kutoka Gazi ile sehemu ya haki na utaratibu, tusiifanye fedha kuwa shabaha. Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii kuingia mkataba na Huduma ya Misitu kusimamia msitu pamoja. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni wa ardhini, baada ya gharama. Vifungu hivyo vipo. Kinachokosekana mitaani kwetu ni watu walioketi na kuandika mkataba, wakiwemo wanawake waingiao tope kila siku. Mama karanga asiwe mshitakiwa wa mkutano; awe mjumbe wake, na jiko linalokula kuni chache pamoja na mvinje wa kununua viwe vitu vya kwanza mkutano ule unavyovijadili.

Sitakaa sana kwenye matumbawe na nyasi za baharini, ijapokuwa miamba ya mbele ya Likoni na Nyali ndiyo inayopokea kwanza wimbi la bahari kuu, na joto la 1998 liliiua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya. Vinastahili mhadhara wake. Nitaje tu kwamba tope linalotoroka horini kwa kukosa mikoko huishia juu ya matumbawe, kwa hiyo anayelinda Mwache analinda mwamba pia.

Na Mwache hailindwi Mombasa peke yake. Maji yake yanatoka kwa Waduruma, Kwale, na kule juu bado kuna Kaya Mtswakara, msitu uliohifadhiwa na wazee kwa miiko kabla hapajakuwa na idara yoyote. Maji hayaujui mpaka wa kaunti. Ikiwa Kwale inapata hasara kwa kuacha mlima bila kuchimbwa ili Changamwe isifunikwe na tope, ni haki Mombasa ichangie.

Jambo la mwisho ndilo litakaloleta ugomvi. Bahari ikipanda, mikoko yenye afya hurudi nyuma: mchu hutangulia kuingia nchi kavu, wengine hufuata. Lakini nyuma ya mikoko yetu sasa kuna nini? Kuna nyumba, kuta, viwanja vilivyojazwa vifusi, makasha. Msitu utasukumwa na bahari mbele na ukuta nyuma, na utakwisha hata kama hakuna aliyeukata. Mikoko ya Kenya ni msitu wa hifadhi tangu tangazo la mwaka 1932, hata hivyo mipaka yake katika mahori haya mawili wengi hawaijui, na viwanja vimekatwa ndani yake.

Wapo watakaolichukua neno hili kuwa ruhusa ya kubomoa mabanda. Nakataa mapema. Familia iliyojenga chumba kimoja cha mabati ukingoni mwa Junda haikuja pale kwa kupenda; ilikuja kwa kuwa hapakuwa na pengine jijini. Kuihamisha bila kuipa pa kukaa ni kuipeleka ukingo mwingine. Waanze na walio na uwezo: kuta za mawe zilizosimama ndani ya alama ya bamvua, vifusi vilivyomwagwa usiku kutengeneza viwanja vya kuuza, hati zilizotolewa juu ya matope. Wapimaji wa ardhi wa kaunti na Huduma ya Misitu waje horini siku ya bamvua kubwa, wawe na wavuvi na wazee wa mtaa, waweke vigingi pale maji yanapoishia, na nyuma yake waache ukanda usiojengwa. Kwa wanaoishi ndani ya ukanda huo tayari, kila wadi iandike majina yao wenyewe wakiwepo, na nyumba mpya zipatikane kwanza, uhamaji baadaye.

Nitafurahi kusikia maswali, hasa kutoka kwa walio na viwanja karibu na maji.